Mtihani wa sayansi ya bahari: jinsi ya kujiandaa wakati madesa hayaingii kichwani

Kuna masomo ambayo ukipitia slaidi mara tatu unaingia chumba cha mtihani na kutoka salama. Sayansi ya bahari si mojawapo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Kunduchi, Buyu, Kilifi au Mombasa anapewa pepa moja yenye fizikia ya mawimbi, kemia ya chumvi, jiolojia ya sakafu ya bahari na biolojia ya planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini), tena swali moja linaweza kugusa zote nne. Aliyetoka sekondari akiwa mzuri wa biolojia anakwama kwenye hesabu. Mzuri wa hesabu anashindwa kueleza kwa nini maji ya kilindini yana virutubisho vingi. Wote wawili wanarudi kwenye madesa, wanapiga mstari wa njano chini ya kila sentensi, wanakesha, na wakifunga daftari hawawezi kueleza hata ukurasa mmoja.

Tatizo si akili wala uvivu. Tatizo ni namna ya kusoma. Bahari inaendeshwa na vitu vichache tu: joto la jua, chumvi, upepo, kuzunguka kwa dunia, na mvutano wa mwezi na jua. Karibu kila swali la maelezo ni mnyororo wa sababu unaoanzia kwenye kimoja kati ya hivyo na kuishia kwa samaki, mvua au matumbawe. Mnyororo wa namna hiyo haukaririki. Unajengwa kwa mkono, kwenye karatasi tupu, mpaka mkono wenyewe uzoee.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu mwenye wiki tatu hivi mbele yake. Mwenye wiki moja aanze na hatua ya tatu na ya nne, kisha arudi kwenye nyingine akipata nafasi.

Hatua ya kwanza: ijue pepa

Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, kwenye maktaba au kwa waliokutangulia, pamoja na muhtasari wa kozi. Usianze kujibu. Pitia maswali yote ukiandika pembeni kitenzi kinachoongoza kila swali na alama zake: taja, fafanua, eleza kwa mchoro, linganisha, kokotoa. Jumlisha alama za kila kitenzi. Mara nyingi utaona kwamba "taja" na "fafanua" zina alama chache kuliko muda unaozipa, na "eleza kwa mchoro" na "kokotoa", ambazo watu huziahirisha hadi usiku wa mwisho, ndizo zinazobeba pepa.

Kisha chukua muhtasari wa kozi na uweke alama kwenye kila mada: naijua, naijua nusu, siijui kabisa. Anza na zile unazozijua nusu. Huko alama zinapatikana kwa haraka zaidi, kwa sababu kinachokosekana ni kiungo kimoja au viwili tu. Usiku wa kuamkia pepa si wakati wa kufungua mada mpya kabisa.

Hatua ya pili: beba namba chache, uzijue vizuri

Sipendekezi kukariri majedwali. Zipo namba chache, hata hivyo, ambazo bila hizo hutaweza kukagua kama jibu lako linaingia akilini.

Bahari imefunika karibu asilimia 71 ya uso wa dunia, na kina chake cha wastani ni kama mita 3,700. Shinikizo huongezeka kwa takriban atmosfia moja kila mita 10 unazoshuka. Sauti husafiri majini kwa kama mita 1,500 kwa sekunde. Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Bahari ya Shamu, kwenye jua kali na mito michache, hukaribia gramu 40. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, zile gramu 35, huganda kwenye nyuzi −1.9 hivi, si sifuri.

Kwenye chumvi, ayoni sita zinachukua zaidi ya asilimia 99: kloridi, sodiamu, salfeti, magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Kloridi peke yake ni kama asilimia 55 na sodiamu kama 31. Hapa kuna jambo ambalo watahini hulipenda sana: kiasi cha chumvi hubadilika kutoka mahali hadi mahali, lakini uwiano kati ya ayoni hizo kubwa haubadiliki. William Dittmar alilithibitisha mwaka 1884 kwa kuchambua sampuli 77 zilizoletwa na meli Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Faida yake ni kwamba ukipima ayoni moja unapata chumvi yote: zidisha kiasi cha klorini kwa 1.80655. Klorini ikiwa 19.37, chumvi ni 35.0. Jaribu mwenyewe sasa hivi.

Mtego wa kuuzingatia: maji baridi ya ziwani yana densiti kubwa kabisa kwenye nyuzi 4, kisha yakipoa zaidi yanakuwa mepesi. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida hayafanyi hivyo. Yanaendelea kuwa mazito hadi yanapoganda. Asiyejua tofauti hiyo hawezi kueleza kwa nini maji yanazama karibu na Greenland na Antaktika na kwenda kujaza vilindi vya dunia nzima.

Hatua ya tatu: chora mnyororo kwenye karatasi tupu

Nikilazimika kumwachia mwanafunzi hatua moja tu, nitamwachia hii.

Funga madesa. Chukua karatasi isiyo na mstari. Andika mada juu, kwa mfano: kupanda kwa maji ya kilindini. Chora pwani, bahari, upepo, kisha mshale baada ya mshale mpaka ufike kwenye samaki. Ukikwama, weka alama ya kuuliza hapo ulipokwama na uendelee na unachokijua. Ukimaliza, fungua madesa na usome sehemu zile zenye alama ya kuuliza tu. Funga tena, chora upya kuanzia mwanzo.

Tuifanye pamoja, tukitumia bahari yetu.

Upepo unavuta maji ya juu. Dunia inazunguka, kwa hiyo maji hayaendi sawasawa na upepo; yanapinda kuelekea kulia kwenye kizio cha kaskazini na kushoto kwenye kizio cha kusini. Fridtjof Nansen aliliona jambo hilo kwenye meli Fram kati ya 1893 na 1896, barafu ilipokuwa ikielea kulia kwa upepo, na Walfrid Ekman akalitolea hesabu yake mwaka 1905. Kwenye hesabu ya Ekman, maji ya juu kabisa hupinda nyuzi 45, lakini ukijumlisha tabaka lote linaloguswa na upepo, maji husafirishwa nyuzi 90 kutoka uelekeo wa upepo. Kwenye mchoro wako, 90 ndiyo inayofanya kazi. Wengi huchora 45 na mnyororo wote unaharibika.

Sasa simama chumbani kwako, upepo ukuvumie mgongoni. Uko kusini mwa ikweta? Mkono wa kushoto ndiko maji yanakokwenda. Uko kaskazini? Mkono wa kulia. Simama kweli, usiwaze tu. Katika kazi hii mwili unakumbuka kuliko macho.

Chukua kusi. Kwenye pwani ya Tanzania inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki kwenda kaskazini. Tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo maji yanasukumwa kushoto, yaani magharibi, na magharibi kwetu ni nchi kavu. Maji yanarundikana pwani na kuzama. Hakuna virutubisho vinavyopandishwa.

Fuata kusi hiyo hiyo ikivuka ikweta hadi Somalia. Huko inavuma kutoka kusini-magharibi, sambamba na pwani, nchi kavu ikiwa kushoto kwake. Tumeingia kizio cha kaskazini, kwa hiyo maji yanasukumwa kulia, yaani baharini. Pwani inabaki na pengo, na maji ya chini yanapanda kulijaza: baridi, yenye naitreti na fosfeti. Kati ya Juni na Septemba, joto la maji ya juu kwenye baadhi ya sehemu za pwani ya Somalia hushuka chini ya nyuzi 20, wakati bahari yote iliyozunguka ni ya joto. Planktoni wanachanua, samaki wadogo wanafuata.

Upepo mmoja, pwani moja, matokeo kinyume, kwa sababu tu ikweta iko katikati. Ukiweza kuchora michoro hii miwili ubavuni kwa ubavu, kisha ukaongeza wa tatu wa Peru (upepo kutoka kusini, nchi kavu kulia, maji yanakwenda kushoto baharini), umemaliza mada. Swali lolote la kupanda kwa maji kando ya pwani, liwe la Namibia au California, ni mmoja kati ya michoro hiyo ukiwa na jina jipya.

Ongeza kiungo cha El Niño kwenye mchoro wa Peru. Pepo zinazovuma kuelekea magharibi zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki na tabaka la joto hunenepa. Maji ya pwani ya Peru huweza kuendelea kupanda, lakini yanayopanda sasa ni yale ya joto yasiyo na virutubisho. Wanafunzi wengi huandika kwamba kupanda kwenyewe hukoma. Mtahini anayejali ataona tofauti.

Mtego mwingine uko hapa: upepo hutajwa kwa kule utokako, mkondo kwa kule uendako. Kaskazi inatoka kaskazini. Mkondo wa kaskazini unakwenda kaskazini. Nimeona jibu zuri la ukurasa mzima likianguka kwa sababu ya hili peke yake.

Michoro mingine ya kufanya kwa namna hii hii: mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikiuongezea kasi na kaskazi ikiupunguza, mpaka wakati wa kaskazi unapokutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kusini na wote kugeukia mashariki, mzunguko wa maji ya kilindini, na matumbawe kupauka. Usizidishe. Michoro saba au minane iliyokaa mkononi inatosha pepa nzima.

Hatua ya nne: kokotoa kila siku, hata kidogo

Hesabu za bahari ni fupi. Zinazotisha ni vipimo vyake. Kilomita zinakutana na sentimita, saa na sekunde, na mtu anakosa kwa mara elfu moja. Kanuni yangu: andika kipimo pembeni mwa kila namba, katika kila mstari, na kabla ya kuendelea na swali jingine jiulize kama jibu linawezekana baharini. Wimbi lenye kasi ya kilomita 70,000 kwa saa halipo.

Anza na mawimbi, kwa kuwa hayakosekani. Maji yakiwa na kina kinachozidi nusu ya urefu wa wimbi, kasi inategemea kipindi tu, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata: mita 1.56 kwa sekunde zidisha kwa kipindi. Wimbi la sekunde 8 linakwenda mita 12.5 kwa sekunde, na urefu wake ni kasi mara kipindi, yaani karibu mita 100. Kina kikiwa chini ya moja ya ishirini ya urefu wa wimbi, kasi inategemea kina tu: zidisha g (mvutano wa dunia, 9.8) kwa kina, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Hapo ndipo wanapokamatwa watu kwenye tsunami. Bahari ya mita 4,000 wanaiita ya kina kirefu, wanachukua fomula ya kwanza. Lakini urefu wa wimbi la tsunami ni kama kilomita 200, na moja ya ishirini yake ni kilomita 10. Kina cha kilomita 4 ni kidogo kuliko 10, basi kwa wimbi hilo bahari nzima ni maji ya kina kifupi. Fomula ni ya pili: 9.8 mara 4,000 ni 39,200, kipeuo chake cha pili ni 198. Mita 198 kwa sekunde, karibu kilomita 713 kwa saa.

Sasa lijaribu kwa tukio la kweli. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari karibu na Sumatra ilipasuka. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 6,300. Gawanya kwa 713: unapata saa tisa pungufu kidogo. Na kweli mawimbi yalifika Afrika Mashariki mchana, saa nyingi baada ya tetemeko, watu wakiwa ufukweni, na Somalia, Kenya na Tanzania zote zilizika watu. Ukishaifanya hesabu hii ukiwa unajua ilimaanisha nini kwa pwani hii, hutaisahau fomula.

Hesabu ya pili ni ya asidi. Kabla ya viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari ilikuwa karibu 8.2; sasa ni karibu 8.1. Inaonekana ndogo. Lakini pH ni logi: 10 kwa kipeo cha 0.1 ni 1.26, maana yake ayoni za haidrojeni zimeongezeka kwa karibu asilimia 26. Halafu unganisha: kaboni dayoksaidi inaingia majini, asidi ya kaboni inatokea, haidrojeni inaachiwa na kuzikamata ayoni za kaboneti na kuzigeuza baikaboneti. Kaboneti ndiyo malighafi ya matumbawe na makombe. Andika mlinganyo, andika hesabu, andika sentensi hiyo ya mwisho. Alama zote ziko hapo.

Ya tatu ni kigezo cha Coriolis, kinachopima jinsi kuzunguka kwa dunia kunavyoyapinda maji. Thamani yake ni 2 mara 7.292 × 10⁻⁵ mara saini ya latitudo. Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini, utapata ukubwa wa 1.7 × 10⁻⁵ kwa sekunde. Kwenye nyuzi 45 ni 1.03 × 10⁻⁴, mara sita zaidi. Kwenye ikweta ni sifuri. Kwa hiyo nadharia ya Ekman inadhoofika kadiri unavyoikaribia ikweta, na ukilitaja hilo unapozungumzia pwani ya Kenya, msomaji wa jibu lako atajua umeelewa.

Jiolojia ya sakafu nitaipita haraka, kwa sababu hesabu yake kubwa ni moja: umri ni umbali kutoka kwenye tuta la kati ya bahari kugawanya kwa kasi. Mwamba ulio kilomita 1,000 kutoka kwenye tuta, bamba (kipande cha ganda la dunia) likisogea sentimita 2 kwa mwaka, una miaka milioni 50. Hakikisha tu umejua kama kasi uliyopewa ni ya upande mmoja au ya pande zote mbili.

Hatua ya tano: kwenye kupwa na kujaa, nenda ufukweni

Kama unasoma karibu na pwani, una maabara ya bure. Mamlaka za bandari hutoa majedwali ya maji. Chukua ukurasa wa mwezi huu, nenda ukaangalie.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku ya mwezi, ambayo ni saa 24 na dakika 50. Yakijaa saa 10:00 alfajiri, yatajaa tena kama saa 10:25 jioni, na kesho yake kama saa 10:50 alfajiri. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Unguja maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Ndiyo maana wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huenda shambani asubuhi siku hizo. Baada ya siku saba, dakika 50 mara saba ni karibu saa sita. Sasa maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, na ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana. Mvuvi anaijua hesabu hii bila karatasi. Mwulize akueleze bamvua, umsikilize vizuri, halafu uyaweke maneno yake kwenye mchoro wa mwezi, jua na dunia.

Kwenye mchoro huo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza: maji yanavimba pande zote mbili za dunia, ule wa mwezi na ule wa nyuma. Sababu ni tofauti ya mvutano. Upande wa karibu unavutwa kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kinavutwa kuliko upande wa nyuma, kwa hiyo maji ya nyuma yanaachwa. Usiandike kwamba mwezi unavuta maji upande mmoja na jua upande wa pili. Hilo ni kosa la kawaida na linagharimu.

La pili: kwa nini mwezi mdogo unalishinda jua? Kwa sababu nguvu ya kuvimbisha maji inategemea uzito kugawanya kwa umbali uliopigwa kipeo cha tatu. Jua ni zito kuliko mwezi mara milioni 27, lakini liko mbali mara 390. Kipeo cha tatu cha 390 ni karibu milioni 59. Gawanya 27 kwa 59: 0.46. Nguvu ya jua ni karibu nusu ya ile ya mwezi. Zikijipanga mstari mmoja zinajumlishwa, ndiyo bamvua. Zikiwa pembe mraba zinapunguzana, ndiyo maji mafu.

Asiye karibu na bahari atumie jedwali peke yake na achore grafu ya wiki mbili kwa mkono. Umbo la bamvua na maji mafu litajitokeza lenyewe.

Hatua ya sita: soma grafu za kina kama unavyosoma habari

Grafu za bahari zimepinduliwa: kina kiko kwenye mhimili wa wima, sifuri ikiwa juu. Zoea kuzichora tano kwa mpigo, bila kuangalia: joto, chumvi, densiti, oksijeni na naitreti, kutoka juu hadi mita 4,000.

Kwenye bahari ya tropiki kama yetu, joto la juu ni kama nyuzi 27, kisha linashuka kwa kasi kwenye tabaka linaloitwa thamoklaini, na kufika mita 1,000 liko chini ya nyuzi 10. Densiti ni kinyume chake: maji ya chumvi 35 yenye nyuzi 25 yana kilo 1,023 kwa mita ya ujazo, na yakiwa nyuzi 5 yana karibu 1,028. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuzuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike, kama kifuniko juu ya sufuria. Kwa sababu hiyo bahari ya tropiki ni ya buluu safi na maskini wa planktoni: mwanga upo juu, virutubisho viko chini, na katikati kuna kifuniko. Ukiandika sentensi hii ukiwa na mchoro, umejibu swali la biolojia kwa kutumia fizikia, na hicho ndicho pepa inachotafuta.

Oksijeni inawachanganya wengi. Iko nyingi juu kwa sababu ya hewa na usanisinuru, inapungua sana kati ya mita 200 na 1,000 hivi, kisha inaongezeka tena chini zaidi. Kupungua kunatokana na bakteria wanaoozesha mabaki yanayoshuka. Kuongezeka kunatokana na maji yaliyozama ncha za dunia, yakiwa baridi na yenye oksijeni, yakasafiri chini kwa chini hadi huku. Bahari ya Uarabuni ina moja ya matabaka makubwa kabisa ya oksijeni haba duniani. Itumie kama mfano wako.

Kwenye kila grafu, jizoeze kusema kwa sauti: inaanza wapi, inabadilika wapi, kwa nini. Diskasheni ya watu watatu inafaa sana hapa. Mmoja anachora, wa pili anaeleza, wa tatu anauliza "kwa nini" hadi wenzake waishiwe. Elezaneni kwa Kiswahili kwanza, mpaka hoja isimame, kisha kila mmoja aandike aya ile ile kwa Kiingereza cha mtihani akiwa peke yake. Kundi likizidi watu wanne, ondoka. Litageuka soga.

Hatua ya saba: rudia kwa kupishanisha siku

Mchoro uliouchora leo uchore tena kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Kila mara kwa kumbukumbu kwanza, madesa baadaye. Utasahau vipande, na ni sawa. Kule kuvitafuta kichwani ndiko kunakovikaza. Changanya mada katika kikao kimoja: mchoro mmoja wa mikondo, hesabu mbili za mawimbi, grafu moja ya oksijeni. Kusoma mawimbi siku nzima kunakupa hisia kwamba umeelewa, kwa sababu fomula iko mbele ya macho. Mtihani hautakuambia utumie fomula ipi.

Wiki ya mwisho fanya pepa mbili nzima kwa muda halisi, simu ikiwa chumba kingine. Sahihisha kwa ukali siku inayofuata, si usiku ule ule. Ulale. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito sawa na fomula: kichwa kilichokesha siku tatu kinachanganya kushoto na kulia, na umeshaona kushoto na kulia zinabeba nini katika somo hili.

Ndani ya chumba cha mtihani

Dakika tano za kwanza, nyuma ya kijitabu cha majibu, chora ramani ndogo: ikweta, pwani ya Afrika, mshale wa kusi, mshale wa kaskazi, na kandokando yake andika "kushoto" chini ya ikweta na "kulia" juu. Andika fomula mbili za mawimbi na masharti yake ya kina. Hapo umeshautua mzigo kichwani.

Swali la maelezo lijibu kwa mchoro kwanza, maandishi yafuate mishale yake. Kila mshale sentensi moja au mbili. Likitajwa eneo usilolijua, usiogope: uliza liko kizio gani, upepo unatoka wapi, nchi kavu iko mkono upi. Majibu matatu hayo yatakupeleka mpaka mwisho wa mnyororo.

Kwenye hesabu, andika fomula, weka namba na vipimo, hata kama kikokotoo kimegoma. Njia sahihi hupewa alama. Na ukibaki na dakika kumi, usisome insha upya. Rudi kwenye michoro uhakikishe kila mhimili una jina na kipimo, na kila mshale una kichwa.